Kijana Anayetaka Kucheza Laini ya Ushambuliaji: Uzito Usitangulie Miguu

Kila mwaka, shule zinapokaribia kufunguliwa hapa Texas, wazazi wanaozungumza Kiswahili hunijia na swali lilelile: mtoto ni mrefu, ana mwili, kocha amesema nafasi yake iko kwenye laini ya ushambuliaji, na sasa wanataka kujua wamlishe nini ili anenepe haraka. Nafasi hiyo nimeicheza sekondari na chuoni, na leo ni kocha msaidizi wa laini, kwa hiyo swali nalielewa vizuri. Jibu langu huwaudhi baadhi yao, kwa kuwa huwaambia kwamba chakula kisubiri.

Kwa asiyeufahamu mchezo, katika futiboli ya Kimarekani wachezaji watano wa laini ya ushambuliaji hujipanga mbele ya kwotabeki, ambaye ndiye mrusha mpira: senta katikati, gadi mmoja kila upande wake, na wawili wa pembeni ambao hukabiliana na wavamizi wenye kasi kubwa zaidi. Kazi ya wote watano ni kuzuia. Namba ya mmoja wao ikitangazwa na mwamuzi, mara nyingi ni kwa sababu amemshika mpinzani isivyo halali na timu inarudishwa nyuma yadi 10. Kijana anayependa kushangiliwa ni heri aambiwe hilo mapema.

Wengi wa wachezaji hao katika NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huu, huwa na kilo 135 hadi 150, na ndiyo maana watu huona mizani kabla ya kitu kingine chochote. Lakini anayemlinda kwotabeki hufanya kazi akirudi nyuma, mbele ya mtu anayemjia kwa kasi akitazama mbele, na hapo miguu ndiyo huamua. Hatua ya kwanza ikiwa ndefu mno, uzito wote huangukia mguu mmoja, na mpinzani hupenya upande ulioachwa wazi. Mazoezi yetu huanza chini ya kichanja cha mabomba ya chuma, kilichowekwa chini kiasi kwamba kijana akinyanyuka kabla ya wakati helmeti yake hugonga bomba na uwanja mzima ukasikia. Baada ya hapo huja mikono: viganja viingie kifuani mwa mpinzani, viwiko vikiwa vimebanwa, kwa maana mkono ukitoka nje ya bega, mwamuzi huiona jezi ikivutwa. Mvulana niliyemwongezea kilo 20 kabla hajayajua haya huwa ni mzito zaidi, basi, hajawa mzuizi.

Mfano ninaoupenda ni wa Jordan Mailata, aliyekulia Australia akicheza raga na ambaye hakuwa amecheza mechi hata moja ya futiboli hii wakati timu ya Philadelphia Eagles ilipomchagua mwaka 2018, akiwa wa 233 katika uteuzi wa kila mwaka ambao timu za NFL hutumia kuchukua wachezaji wapya. Mwili alikuwa nao tayari. Hata hivyo, mechi yake ya kwanza ya msimu wa kawaida aliicheza mwaka 2020, baada ya majeraha na baada ya kufundishwa na kocha Jeff Stoutland namna ya kusimama, kupiga hatua na kuweka mikono. Mnamo Februari 2025 alikuwa uwanjani Eagles walipotwaa Super Bowl, yaani fainali ya NFL.

Kichwa nacho kina kazi yake. Senta husoma jinsi wapinzani walivyojipanga na kuwatangazia wenzake nani amchukue nani, na wapinzani wakihama, mpango wote hubadilishwa katika sekunde chache, huku mashabiki wakipiga kelele. Jeff Saturday hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 1998, akaachwa na timu ya kwanza iliyomsajili, akafanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme, kisha Indianapolis Colts wakamchukua mwaka 1999. Akawa senta wao kwa miaka mingi. Kwa kimo na uzito, nafasi hiyo ilikuwa na watu wakubwa kuliko yeye.

Nafasi zenyewe ni chache. Ligi ina timu 32, kila kikosi kina wachezaji 53, na kwa kawaida wa laini ya ushambuliaji ni wanane au tisa tu. Sehemu kubwa ya mikataba huwa haina dhamana ya malipo yote, kwa hiyo goti likiharibika, mshahara ulioandikwa kwenye karatasi waweza usilipwe.

Joe Thomas wa Cleveland Browns alikuwa uwanjani kila mara mpira ulipoanzishwa na timu yake ikishambulia, mara 10,363 mfululizo bila kukosa hata moja, hadi alipoumia mkono mwaka 2017. Alipostaafu mwaka uliofuata alipunguza zaidi ya kilo 20, na alikuwa akieleza wazi kwamba kula kwa ajili ya kazi kulikuwa mzigo. Nami nakumbuka kula nikiwa nimeshiba, sahani ya tatu ya wali mbele yangu, bila hamu yoyote. Magoti hubeba kila kilo hiyo.

Kuhusu kichwa sitanii kabisa. Mike Webster, senta mashuhuri wa Pittsburgh Steelers, alifariki mwaka 2002, na daktari Mnigeria, Bennet Omalu, ndiye aliyegundua katika ubongo wake ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Kijana akisema anaona kizunguzungu, atolewe uwanjani siku hiyohiyo, hata kama ni fainali.

Masomo yasisahauliwe, maana NFL haimchukui mchezaji kabla miaka 3 haijapita tangu darasa lake limalize sekondari, na njia ya kawaida ni chuo. Daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hudai masomo ya msingi 16, na 10 kati yake yawe yamekamilika kabla mwaka wa mwisho wa sekondari haujaanza. Kwa familia zilizofika hapa mtoto akiwa tayari sekondari, vyeti vya shule ya nyumbani navyo huhitajika, pamoja na tafsiri rasmi ya Kiingereza ikiwa vimeandikwa kwa lugha nyingine. Vitafutwe mwaka huu, kwa sababu kuvipata kutoka Bukavu au Kigoma huchukua muda.