Difu Inavuma: Mlio wa Gia Hautibiwi kwa Oili Nzito

SWALI: Asalaam aleikum, Injinia. Nina matatu ya abiria 14, nabeba Mwembe Tayari hadi Mazeras. Difu, ile gia ya ekseli inayozungusha magurudumu ya nyuma, ilianza kuvuma, fundi akanibadilishia pinioni (gia ndogo) peke yake, ya mtumba, kraunwili (gia kubwa inayosukumwa na pinioni) akaiacha ile ile ya zamani. Sasa nikifika kilomita 60 kwa saa inalia uuuu mpaka abiria wananiuliza kuna nini. Nikitoa mguu kwenye mafuta inanyamaza. Mmoja kaniambia nitie oili nzito ya 140, mwingine kasema nichanganye na unga wa mbao kidogo, eti itatulia. Na swali jingine nauliza kwa kutaka kujua tu: hao wanaounda magari mbona hawatengenezi gia isiyolia kabisa? Dereva, Changamwe.

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Unga wa mbao usiutie. Kama umeshautia, usipige safari nyingine hata moja. Difu ifunguliwe na ioshwe yote. Naanza hapo kwa sababu nimechoka kuletewa difu zilizolishwa maranda. Ya mwisho niliyofungua, bolti ya chini ilitoka na oili haikutoka. Nilichokonoa kwa bisibisi, ikaanza kudondoka mabonge kama uji uliolala. Beringi ya mbele ya pinioni ilikuwa imegeuka buluu kwa moto. Unga wa mbao hunywa oili, ukashikana mabonge, ukaziba kijia kinachoipelekea oili beringi hiyo. Mwenye gari aliniambia difu ilinyamaza siku tisa. Siku tisa!

Watu wanadhani gia hulia kama bawaba ya mlango, kwamba imekauka, inataka mafuta. Bawaba hulia kwa kusuguana. Gia inaweza kuogelea kwenye oili safi na bado ikalia, kwa sababu mlio wake umo kwenye umbo la jino na mahali jino lilipokaa. Pinioni inapoisukuma kraunwili, kazi hupokezwa kutoka jino hadi jino. Mapokezano hayo yangekuwa laini kabisa, kraunwili ingezunguka kwa mwendo mmoja bila kusita. Haiwi hivyo. Kila jino linapopokea, kraunwili hutangulia kidogo au huchelewa kidogo, kwa kiasi kinachopimwa kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Tuseme kraunwili yako ina meno 41 na pinioni 10. Tairi likizunguka mara moja, gari husogea kama mita 2. Kwa kilomita 60 kwa saa tairi huzunguka mara 8 na kitu kwa sekunde, kwa hivyo meno hupokezana mara 340 hivi kila sekunde. Kile kisito kidogo kikijirudia mara 340 kwa sekunde, huo ndio uuuu wako. Hupita kwenye beringi, kikaingia kwenye ganda la difu, kikapanda kwenye bodi, na bodi ya matatu ni bati pana, inaupokea kama ngozi ya ngoma.

(Na hiyo 41 haikuwekwa ovyo. Ingekuwa 40 kwa 10, kila jino la pinioni lingekutana na meno yale yale manne maisha yake yote. Kwa 41 linakutana na yote kwa zamu, uchakavu ukagawanyika.)

Sasa ujue mtu anayebuni gia tulivu anahangaika na nini. Rudisha gari nyuma usikilize: magari mengi ya gia za mkono yana gia ya kurudi nyuma yenye meno yaliyonyooka, na inalia kwa sababu jino lililonyooka hugonga mwenzake kwa upana wake wote mara moja. Gia za kwenda mbele zimekatwa meno ya mshazari. Jino la mshazari huanza kugusana upande mmoja, likaingia polepole hadi upande wa pili, na kabla halijamaliza, jingine limeshaanza kushika. Wakati wote jozi mbili au zaidi zinabeba mzigo pamoja. Bei yake ni kwamba mshazari husukuma shafti kwa urefu wake, kwa hivyo beringi lazima ziweze kuuhimili msukumo huo. Gari za mashindano hurudi kwenye meno yaliyonyooka kwa sababu hazitaki msukumo ule, na kelele si shida yao.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalijui kabisa. Jino la chuma hupinda. Ukikanyaga mafuta kupanda Mazeras na abiria 14, meno yanayobeba mzigo yanalegea nyuma kidogo, na jino linalofuata linafika kabla ya wakati wake, likagonga kwa ncha. Mbunifu huliona hilo mapema, akapunguza ncha ya kila jino kwa kiasi chembamba kuliko unywele wa kichwa, ili lifike bila kugonga. Lakini analipunguza kwa mzigo fulani. Mzigo ukiwa mdogo au mkubwa zaidi, hesabu haikai sawa tena. Ndiyo sababu gia isiyolia kabisa hakuna. Kuna gia ambayo mlio wake hausikiki ukiwa umeketi ndani. Kwenye gari za umeme kazi hiyo ni ngumu zaidi, kwa kuwa hakuna injini ya kuuficha mlio.

Basi fikiria mtu anachukua tupa au unga wa kusagia vali, anayasugua meno hayo ili "yaelewane". Kipimo kilicholindwa kwa mikroni kimekwisha kwa dakika tano. Tena jino limefanywa gumu juu tu, tabaka la kama milimita moja. Ukilitoboa unafikia chuma laini. Wanaochomelea jino lililovunjika ni wabaya zaidi, maana moto wa kuchomelea unaua ugumu wote wa hapo, na jino hilo litang'oka likiwa barabarani na watu ndani.

Kwako wewe, kosa liko wazi. Kraunwili na pinioni husagwa pamoja kiwandani, na nyingi huandikwa namba moja. Ni mume na mke. Kraunwili yako imechakaa kwa umbo la pinioni ya kwanza, kisha umeiletea mgeni. Inalia ukikanyaga na kunyamaza ukiachia kwa sababu upande wa jino unaosukuma ndio usiokaa; upande wa pili unakaa. Ingekuwa beringi ya gurudumu, ungesikia mngurumo mzito unaobadilika unapokata kona.

Tafuta jozi kamili, au difu nzima ya mtumba ambayo haijafunguliwa, yenye hesabu ile ile ya meno. Ukifungiwa jozi, simama hapo hapo ukitazama. Fundi apake rangi ya alama kwenye meno matatu au manne ya kraunwili, azungushe kwa mkono huku mwenzake anazuia. Alama ikae katikati ya jino. Ikikaa juu kwenye ncha, pinioni iko mbali mno. Ikikaa chini kwenye shina, imeingia mno. Hurekebishwa kwa shimu, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Mcheko kati ya meno, yaani ile nafasi ndogo ya kucheza, upimwe kwa saa ya kupimia: kwa gari nyingi za kiasi hicho ni kati ya milimita 0.1 na 0.2, ila fuata kitabu cha gari lako. Fundi akikwambia anapima kwa sikio, chukua gari lako uondoke.

Oili ni ile iliyoandikwa kitabuni, mara nyingi 80W-90 yenye alama ya GL-5. Hiyo 140 inaweza kuufifisha mlio kwa muda kwa sababu ni nzito, huku jino likiendelea kuliwa. Wala usiichukue GL-5 ukaitia kwenye giaboksi bila kusoma, maana baadhi yake zina dawa ya salfa inayokula zile pete za shaba zinazosaidia gia kuingia bila kugonga.

Na wewe unayesoma haya ukiwa mbioni kununua gari kuukuu: kimya cha difu usikiamini kabla ya kutia kidole. Fungua bolti ya kujazia, chovya, sugua. Ukihisi nyuzi au chembe za mbao, huenda anayekuuzia anajua. Ikiwa oili imepauka kama chai ya maziwa, maji yameingia; huenda gari lilipita kwenye mafuriko ya masika, difu ikiwa moto ikavuta maji, na meno yake huenda yameshaanza kuota kutu.