Shangazi, nimpe limbwata au nimpe mtoto?

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Rafiki yangu alifariki akijifungua, nikamchukua mwanawe. Sasa ana miaka 8. Mchumba wangu anadai nampenda mtoto kuliko yeye, na anataka kumchukua akae dukani kwake, alale huko huko. Nikikataa ananitajia mwanamume wangu wa zamani, nami namtajia binti wa saluni. Wanafunzi wangu wanaigiza A Midsummer Night's Dream ya Shakespeare, na wakifika kwenye ugomvi wa Oberon na Titania, mfalme na malkia wa majini wanaogombea mtoto yatima, natoka nje. Mwenzangu ameniletea limbwata. Nitumie? – Mlezi"

Marahaba, mwanangu.

Hicho kichupa kakimwage chooni leo. Wewe mwenyewe unafundisha tamthilia yenye limbwata katikati yake: Oberon anamkamulia mkewe maji ya ua machoni akiwa usingizini, na malkia mzima anaamka akimlilia mfumaji mwenye kichwa cha punda. Watu hucheka sana hapo, kisha inawapita kwamba katika kuzubaa huko huko ndimo Oberon alimwomba mtoto, naye akampa. Msimamo wote aliouweka kwa ajili ya mama marehemu wa mtoto uliyeyuka kwa matone ya ua. Wewe unadhani limbwata litamlainisha bwana; sijaona bado dawa inayojua imlegeze nani.

Najua kwa nini unatoka nje. Titania anasimulia alivyokaa mchangani na mama wa mtoto, wakitazama vyombo vya wafanyabiashara na kucheka matanga yaliyofura upepo kama tumbo la mja mzito. Kisha mama akafa kwa uzazi. Kwa ajili yake namlea, anasema, na kwa ajili yake simtoi. Mtu wa Tanga hahitaji kufafanuliwa picha hiyo.

Na Oberon hamtaki mtoto kwa mapenzi. Anamtaka awe mtu wa msafara wake, wa kuzunguka naye msituni. Mchumba wako naye anatafuta wa kulinda duka. Mtoto wa miaka 8 hana kazi dukani usiku, na hapo usilegeze hata kidogo.

Lakini nawe nikuguse. Barua yako halisi ilikuwa kurasa tatu, nimeifupisha. Mtoto ana kurasa mbili na nusu. Bwana ana mistari minne, yote malalamiko. Titania naye amemvika mtoto maua, amemfanya ndiye furaha yake yote, na kitanda cha mumewe amekiapia. Wivu wa mchumba wako ni wa kitoto, sawa, ila lini mara ya mwisho mlikaa wawili mkala wali bila jina la mtoto kutajwa? Huyo binti wa saluni nampita. Oberon na Titania nao wanatuhumiana kimapenzi, huyu kwa Hippolyta na yule kwa Theseus, na ugomvi wao haukuwa juu ya hao.

Kuna kitu kimoja nataka ukitazame kwenye kitabu chako. Mtoto yule hana jina. Hana hata mstari mmoja wa kusema. Puck, mtumishi wa Oberon, anadai aliibwa kwa mfalme wa Kihindi, Titania anadai ni wa rafiki yake, kila mmoja na hadithi yake, na mito inafurika na nafaka inaoza mashambani kwa sababu ya ugomvi wa mfalme na malkia. Kwako mtoto anasikia nini sauti zikipanda usiku?

Kabla ya kuzungumza na bwana, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako uulize ulezi wako uandikwe vipi. Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo kwa mambo kama haya. Ukishakuwa na karatasi, neno la "chagua mimi au yeye" halitakutetemesha tena, na mtaweza kuzungumza kama watu wazima.

Halafu Jumapili mpeleke mtoto ufukweni, mnunulie mihogo ya kukaanga, umuulize anamwonaje huyu bwana. Akianza kujibu, usimkatize.

Shangazi