Huyu Baba Anaogopa Nini?

Wiki hii nimesoma skripti sita za vichekesho vya televisheni za waandishi wapya, na katika zote baba anateleza sebuleni kwenye sini (onyesho) ya kwanza. Wadogo zangu, nawapenda, lakini leo tukae tuzungumze.

1. Tafuteni kitu kinachoshikika. Mnajua ninavyomsifu Greg Daniels, mwandishi wa vichekesho vya televisheni wa Marekani. Tazameni episodi yake ya The Simpsons, ile katuni ya familia ya Homer, ya Oktoba 1995: Bart, mtoto wa Homer, anaandika kwenye karatasi kwamba hiyo ni roho yake, anamuuzia rafiki yake Milhouse kwa dola 5. Karatasi tu! Basi mlango wa duka unaofunguka wenyewe unamgomea. Anapumulia kioo cha friji la aiskrimu, hakiingii ukungu. Katuni iliyokuwa ikimvunja mbavu haimchekeshi tena. Akitaka kuikomboa, Milhouse anadai dola 50. Kila panchi, yaani kila kichekesho kinapolipuka, inamzidishia hofu mtoto yule, nawe unacheka huku unamhurumia. Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye rasimu zenu.

2. Isomeni skripti kwa sauti kabla ya kunitumia.

3. Mjueni mhusika kabla ya kumchekea. Hapa nina kidonda. Nilipoanza kazi nilipewa episodi ya binti anayemleta mchumba nyumbani. Baba nikamfanya kituko: anakoroma mezani, anakosea jina la mgeni mara saba. Tukakaa kuisoma. Kufika ukurasa wa tatu, kicheko kikakauka. Mama aliyecheza mke wake, mtu mzima aliyetokea kwenye michezo ya redio, akavua miwani, akaiweka juu ya skripti. "Mwanangu, huyu baba anaogopa nini?" Sikuwa na jibu. Nikasema nitaongeza vichekesho, na nikaongeza kweli, usiku kucha. Tukarekodi siku mbili.

Siku iliporushwa nilikuwa kwa wazazi. Baba alikuwa ameshawaambia majirani, viti vimejaa sebule nzima. Akatazama mpaka mwisho bila neno. Wageni walipoondoka akaniuliza polepole, "Ndivyo unavyotuona?"

Baadaye nikaiona episodi nyingine ya Daniels, ya harusi ya Lisa, dada yake Bart, iliyoshinda Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka 1995. Kisa ni kilekile! Homer anampa Hugh, mchumba wa bintiye kutoka Uingereza, vifungo vya mikono ya shati vyenye umbo la nguruwe. Vibaya, vinachekesha, lakini ni vya familia, na anavitoa kwa moyo wote. Hugh hataki kuvivaa, na hapo ndipo Lisa anaanza kumwona mwanamume anayeionea haya familia yake. Harusi inavunjika. Homer alikuwa na kitu cha kutoa. Baba wangu nilimnyima hata hicho.

4. Tokeni mkasikilize watu. Daniels na Mike Judge walipoanzisha King of the Hill, katuni ya familia moja ya Texas iliyoanza kuonyeshwa 1997, waandishi walipelekwa Texas kusikia watu wanavyozungumza. Nyinyi mnaandika Kariakoo. Mara ya mwisho kushuka daladala pale ni lini?

5. Wewe uliyeandika ya mahari, nimekurudishia. Mazungumzo yako ni matamu sana. Mwinue baba kutoka kwenye ile sakafu ya sabuni, mkalishe, kisha umtafutie kitu cha kumpa mkwe. Naisubiri Ijumaa.