Posho ya katibu wa tawi: nani ana haki ya kuiuliza?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Mimi ni fundi kwenye kiwanda cha chai huku Mufindi. Kila mwezi nakatwa asilimia 2 ya chama cha wafanyakazi, ila sikumbuki kujaza fomu yoyote. Tunachoambulia ni fulana ya Mei Mosi. Tunasikia katibu wa tawi anapokea posho kila mwezi, tukimuuliza ni kiasi gani anajibu kuwa hayo ni mambo ya ndani ya chama. Wenzangu wanataka tujitoe kwa mkupuo ili makato yakome. Sheria inasemaje?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kabla hujamrudia katibu, nenda kwa mhasibu wa mishahara umuulize makato hayo yanakatwa kwa jina gani. Slipu nyingi ninazoletewa zimeandikwa jina la chama kwa kifupi tu, na hapo ndipo watu wanapopotea. Kuna ada ya mwanachama na kuna ada ya uwakala.

Ada ya mwanachama, kwa kifungu cha 61 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, haikatwi mpaka wewe mwenyewe umruhusu mwajiri kwa kujaza fomu, ile inayojulikana kama TUF 6. Ada ya uwakala haihitaji saini yako. Chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi, kikishatambuliwa na mwajiri, kinaweza kufunga naye mkataba wa uwakala chini ya kifungu cha 72. Kuanzia hapo hata asiye mwanachama anakatwa, kwa kuwa mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, unamnufaisha naye pia. Kiasi hakiruhusiwi kuzidi ada ya mwanachama, lakini kinaweza kulingana nayo, ndiyo maana kwenye slipu huoni tofauti.

Kwa hiyo, kama kweli hukujaza fomu, huenda wewe si mwanachama. Mwajiri anapopeleka ada za wanachama kila mwezi anatakiwa kuambatanisha orodha ya majina. Uliza kama jina lako limo.

Hii ndiyo sababu siafiki mpango wa kujitoa. Njia yenyewe ni rahisi: notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Lakini mkataba wa uwakala ukiwepo, mtatoka kwenye ada moja na kuangukia nyingine. Pesa itaendelea kukatwa, na kura hamtakuwa nayo tena. Ni kweli kwamba mkitoka wengi hadi chama kipoteze wingi wake, kinaweza kuondolewa utambuzi. Ila nani atakayekaa mezani na mwajiri mwakani kuzungumzia mishahara yenu? Mimi ningewashauri mfanye kinyume chake: ambao hawajajaza fomu wajaze, kisha muulize mkiwa ndani.

Sasa posho. Sheria haikuweka kiwango cha malipo ya kiongozi wa tawi. Kama katibu wenu ni mwajiriwa wa kiwanda kama ninyi, mshahara wake analipwa pale pale, na mwajiri anapaswa kumpa muda wa kutosha wa shughuli za chama bila kumkata. Posho yoyote juu ya hapo lazima iwe na msingi: katiba ya chama, kanuni za fedha, au uamuzi wa kikao wenye muhtasari. Simhesabu mwizi. Wapo makatibu wanaomsindikiza mwenzao mpaka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) Iringa kwa nauli ya mfukoni mwao, na hao wanastahili kulipwa. Kinachoniuma ni kuwaficha wanachama, ambao pesa ni yao. Mambo ya ndani ya chama ni mambo ya mwanachama.

Kifungu cha 51 kinakitaka chama kifunge hesabu kila 31 Desemba, kikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa, na kabla ya 31 Machi kiwasilishe taarifa kwa Msajili wa vyama vya wafanyakazi na waajiri na kwa mkutano wa wanachama au wawakilishi wao. Hizo ni hesabu za chama kizima. Posho ya tawi moja unaweza usiione humo. Ombeni za tawi: mgao uliopokelewa, taarifa ya benki, daftari la malipo. Tuchukulie mko wanachama 300 kwa wastani wa mshahara wa shilingi 200,000. Kila mmoja anakatwa 4,000, jumla 1,200,000 kwa mwezi. Tuseme katiba inarudisha asilimia 30 tawini, yaani 360,000, na nyingine zinabaki ngazi za juu. Kama katibu anachukua 250,000, mmeshajua kwa nini mnaishia kwenye fulana. Kama mgao haukufika kabisa, kosa si lake: huenda makao makuu wameukalia, au mwajiri, ambaye sheria inampa siku 7 tu baada ya mwezi kuisha, hajapeleka makato.

Andikeni barua ya kuomba ajenda hiyo kwenye mkutano wa tawi, nakala kwa ofisi ya chama ya mkoa. Wakikaa kimya, mwandikieni Msajili. Kifungu cha 53 kinamruhusu mwanachama kwenda Mahakama ya Kazi pale chama kinapokiuka katiba yake, lakini mahakama itataka kwanza kujua kama mlimaliza njia za ndani. Kila barua igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala ikae kwa watu wawili tofauti.