Dada, bei ya teksi imalizwe kabla godoro halijapanda gari

Dada, simama hapo kwanza. Umeandika kwamba Jumapili unatoka Bondo na watoto watatu, mmoja anaingia bweni, mje Kisumu kununua vitu vya shule. Mvua haikatiki, na umepewa namba ya dereva wa teksi "mzuri sana" atakayewazungusha soko la Kibuye, duka la sare na supamaketi, halafu bei mtaelewana mkimaliza. Umeuliza pia sare za bei nafuu ziko wapi na watoto wale wapi. Hayo wengine watakujibu. Mimi nimekwama hapo kwenye "mtaelewana".

Hamtaelewana. Bei inamalizwa kabla godoro halijapanda gari. Mzigo ukishapakiwa, yeye ndiye anayetaja na wewe ni wa kutoa tu.

Na huyo ndugu aliyekujibu hapo juu kwamba madereva wa Kisumu ni watu wa maongezi, ukipiga nao stori vizuri wanakupunguzia, amenipandisha presha. Maneno hayo hayo niliambiwa na shemeji yangu aliponipa dereva wa kunizungusha Kisumu. "Huyo ni mtu wetu, bei isikusumbue." Shemeji hakuwa kwenye gari, wala hakutoa shilingi. Mpaka leo nikimgusia anaanza kuniuliza habari za ng'ombe.

Maongezi yalikuwa matamu, siwezi kukataa. Ilikuwa mwanzo wa Mei, muhula wa pili unafunguliwa, masika yamekolea. Waipa ya upande wangu ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira, na dereva akawa anafuta kioo kwa ndani na fulana kuukuu, taratibu, huku anauliza. Tumetoka wapi? Nikamwambia. Tunarudi saa ngapi? Nikamwambia lazima tuwahi gari la saa kumi, maana tukishaachana na barabara ya Busia pale Kisian bado tuna mwendo mrefu, na njia ya kijijini kwetu usiku wa mvua haipitiki. Baba watoto yuko wapi? Yuko kazini Mombasa, ametuma pesa asubuhi. Kila swali lilikuja kwa upole, katikati ya habari za timu ya Gor Mahia na bei ya mafuta ambayo hutangazwa kila tarehe 14. Tulipofika duka la mwisho alishajua nina haraka kiasi gani, nani anayelipa, na kwamba pesa iko kwenye simu.

Mvua ilifunguka tukiwa Kibuye, ile ya alasiri isiyobisha hodi. Tukajibanza chini ya mabati na wenye vibanda, na yeye akasubiri bila neno. Godoro akalitupa juu ya keria bila turubai. Nililalamika, akasema ni mwendo mfupi. Kisha akazunguka mbali kwa sababu kule chini maji yamejaa. Huenda yalikuwa yamejaa kweli, mto Auji ukifurika watu wa mtaa wa Nyalenda wanajua taabu yake, lakini hakusema kwamba mzunguko huo nitaulipia.

Tukafika steji. Gari letu linapiga honi, kondakta anaita Bondo Bondo, watoto wamelowa na mdogo analia. Hapo ndipo alipotaja: elfu tatu na mia tano. Akanihesabia kwa vidole. Kusubiri. Keria. Mzigo wa kwenye buti. Kuzunguka maji. "Na mvua, mama, si unaiona mwenyewe." Buti limefungwa, funguo ziko mkononi mwake, sanduku la mtoto, unga, sukari, madaftari na viatu vyote vimo ndani. Nikalipa. Pesa aliyozidisha ingetosha godoro la pili, na lile la kwanza lilikuwa limelowa mpaka kati. Mwanangu alilipeleka shule likinuka unyevu na akalilalia hivyo hivyo, kwa sababu akiba ya kununua lingine ilikuwa imebaki kwenye teksi. Pesa hutafutwa. Hilo la mtoto ndilo linalonichoma.

Usiniambie utaita teksi ya programu ya simu ukawa salama. Bei unaiona mapema, sawa, lakini mvua ikinyesha hupanda, na dereva akishakupigia atauliza "unaonyeshwa ngapi?" kisha akuombe mwende nje ya programu. Halafu bei ile ni ya kutoka hapa mpaka pale. Kusubiri nje ya maduka matatu na kubeba godoro havimo. Bado itabidi mseme kwa mdomo.

Kuongea na dereva ongea sana. Muulize barabara gani imejaa maji na wapi gari linaweza kusimama karibu na mlango, hayo anayajua kuliko mimi na wewe. Saa ya gari lenu na pesa imetoka kwa nani, hayo yakae moyoni mpaka bei iwe imeisha.

Halafu beba magunia safi mawili. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017, vitu vingine utapewa kwenye karatasi, na karatasi ikilowa sukari inaishia kwenye tope.

Mwandikie leo, usingoje Jumapili asubuhi: "Ndugu, Jumapili nakuhitaji kuanzia saa nne. Steji, Kibuye, duka la sare, supamaketi, kurudi steji. Watu wanne, godoro moja, sanduku moja la chuma. Kusubiri, keria na mzigo vyote viwe ndani ya bei, hata mvua ikinyesha. Uje na turubai na kamba. Jumla ni ngapi?"

Akitaja, mwambie utampa nusu mkianza na nusu mzigo wote ukishashuka chini. Ujumbe usiufute. Na akikujibu, bandika jibu lake hapa kabla hujamkubalia, nilisome.