Maswali na majibu: Fitina za urithi katika dola la Wamaratha

Barua za safari hii kuhusu Wamaratha wa India karibu zote zinatafuta mwanamke wa kulaumiwa. Majibu ni haya.

Ni kweli Soyarabai alimpa mumewe Shivaji sumu ili mwanawe atawale?

Nimeshalijibu swali hili mara nyingi: hakuna ushahidi. Shivaji, mwanzilishi wa dola hilo, alifariki katika ngome yake kuu ya Raigad tarehe 3 Aprili 1680 baada ya kuugua. Yaliyofuata ndiyo tunayoyajua, nayo yanatosha. Mwana mkubwa wa mke mwingine, Sambhaji, alikuwa katika ngome ya Panhala chini ya ulinzi, maana mwishoni mwa 1678 aliwahi kukimbilia kwa Wamughal, maadui wakubwa wa Wamaratha. Soyarabai na mawaziri wakamkalisha mwanawe Rajaram, mtoto wa miaka 10, kwenye kiti cha enzi. Tazameni waliokuwa nyuma ya kiti hicho. Annaji Datto, msimamizi wa mapato, alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na Sambhaji; mfalme mtoto asingemuuliza kitu. Aliyeuvunja mpango ni Hambirrao Mohite, mkuu wa majeshi na kaka yake Soyarabai. Mjomba huyo alimwacha mpwa wake, akaenda upande wa Sambhaji, na kufikia Juni Raigad ilikuwa mikononi mwa Sambhaji. Wanaopenda kisa cha mama wa kambo humruka mjomba kila mara.

Tarabai alikuwa shujaa au mchochezi?

Yote mawili, wala msinilazimishe kuchagua. Mumewe Rajaram alipofariki mwaka 1700, alimtawaza mwanawe mdogo na kuongoza vita dhidi ya Aurangzeb, mfalme wa Wamughal, kwa miaka 7. Aurangzeb alipokufa, Wamughal wakamwachia Shahu, mwana wa Sambhaji waliyemshikilia tangu 1689, ili Wamaratha wagombane wenyewe. Wakagombana. Shahu alishinda vita vya Khed, akatawazwa Satara mwaka 1708. Tarabai alibaki na Kolhapur, na mwaka 1714 mke mwenzake Rajasbai akampindua. Shahu alipofariki Desemba 1749 bila mwana wa kumrithi, Tarabai alikuwa ameshamleta Ramaraja, akidai ni mjukuu wake aliyefichwa. Mwaka 1750 kijana akakataa kumwondoa Peshwa, yaani waziri mkuu. Bibi akamfunga ngomeni Satara na kumtangaza kuwa si damu yake. Hapo simtetei.

Peshwa alikuwa mfalme?

Hapana. Alikuwa waziri mkuu, na joho la cheo alivikwa kwa idhini ya chhatrapati, yaani mfalme, wa Satara.

Nimesikia Anandibai alibadilisha barua, "mkamateni" ikawa "muueni", ndipo Narayanrao akauawa. Mbona hukulitaja?

Kwa sababu ni simulizi, na nawaonya msiitumie kama ushahidi. Tarehe 30 Agosti 1773 walinzi wa Kigardi, askari wa kukodiwa, walivamia kasri la Shaniwar Wada, Pune, wakidai malimbikizo ya mishahara. Peshwa Narayanrao, kijana wa miaka 18, alikimbilia kwa baba yake mdogo Raghunathrao, akamkumbatia akiomba anusuriwe. Wakamkatakata pale pale. Aliyeupata upeshwa baada ya mauaji ni Raghunathrao, na hakimu Ram Shastri hakumwonea haya: alimtia hatiani. Iweje basi jina linalotajwa kwanza liwe la mke wake, Anandibai? Nana Phadnavis, mmoja wa mawaziri, na wenzake wakamhamishia ngome ya Purandar mjane wa Narayanrao, Gangabai, aliyekuwa mjamzito. Mtoto akazaliwa tarehe 18 Aprili 1774, akafanywa Peshwa akiwa na siku 40. Ulikuwa mpango wa haki, lakini kwa mara nyingine madaraka yakawa ya wanaoshika mihuri, na Nana hakuyaachia hata mtoto alipokuwa mtu mzima.

Waingereza si waliwashinda kwa silaha bora tu?

Someni kwanza, kisha ndiyo muulize. Januari 1779 jeshi la Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Waingereza, lilizingirwa Wadgaon, karibu na Pune, likasalimu amri. Lilifikaje huko? Raghunathrao, alipoondolewa madarakani, alikwenda kwa Waingereza wa Bombay, na kwa mkataba wa Surat wa 1775 akawaahidi maeneo ya Salsette na Bassein, karibu na Bombay, ili wamrudishe Pune. Mwanawe Bajirao wa Pili, aliyekuwa Peshwa baadaye, alifanya vilevile. Oktoba 1802 Holkar, mkuu mwingine wa Wamaratha, alimpiga karibu na Pune. Tarehe 31 Desemba Bajirao akatia saini mkataba huko Bassein, akakubali majeshi ya Kampuni yawekwe katika nchi yake kwa gharama yake mwenyewe. Safari hii walimrudisha kweli. Mwaka 1818 wakamng'oa.