Maswali na majibu: Giza limeingia, mtoto yuko nje, nani anamwona?

Leo nimeyaweka pamoja maswali ya jambo moja: watoto wadogo kucheza nje baada ya giza kuingia bila mtu mzima. Mengine nimeshayajibu hadi kidole kimeota sugu, lakini mnaendelea kuyaleta, basi na mimi naendelea. Nikisema "wadogo" nina maana ya wale ambao hawajatimiza miaka 8. Kijana wa miaka 14 ana kesi yake, tutamhukumu siku nyingine.

Mtoto anaruhusiwa kucheza nje usiku peke yake kuanzia umri gani?

Hili sasa! Haupiti mwezi halijaja. Nyie mnatafuta namba ili mkishaipata mrudi kwenye simu zenu kwa amani.

Haya, namba zipo. Iceland wameandika kabisa kwenye sheria: kati ya Septemba 1 na Mei 1, mtoto wa miaka 12 kushuka chini asiwe nje baada ya saa 2 usiku bila kuwa na mtu mzima, wa miaka 13 hadi 16 mwisho wake ni saa 4. Majira ya joto wanaongezewa saa mbili, kwa sababu huko jua lenyewe haliendi kulala. Jimbo la Utah, Marekani, mwaka 2018 lilikwenda upande wa pili: likasema mzazi anayemwacha mtoto atembee au acheze nje mwenyewe hajamtelekeza, mradi mtoto awe na umri na uwezo wa kutosha. Umri gani? Hawakuutaja. Wabunge wazima wameliruka swali lako.

Mimi siliruki. Chini ya miaka 8, giza likishaingia, hapana. Na usiniandikie wiki ijayo kuuliza habari za wa saba na nusu.

Niko jikoni, wao wako uani, nawasikia wanacheka, na nachungulia dirishani mara kwa mara. Hiyo si kuwaangalia?

Mama, hiyo ni kuwasikiliza, na unamsikia aliye salama tu. Watoto sita wakicheza kwa kelele, mmoja akiondoka kelele hazipungui. Jaribu leo: funga macho, sikiliza, kisha sema wako wangapi. Utakosea. Na mtoto aliye kwenye shida mara nyingi hapigi kelele. Anayezama haiti mtu, maana mdomo uko majini, na mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja. Ndoo uliyoisahau nje inatosha.

Sasa hilo dirisha. Simama jikoni taa ikiwa inawaka, tazama nje usiku. Unaona nini? Uso wako kwenye kioo, na sufuria nyuma yako. Jicho lililotoka kwenye mwanga mkali linahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa. Wewe unachungulia sekunde tatu. Hapo hujaona watoto, umeona giza lenye kelele ukaridhika.

Kama kazi za jikoni haziishi, na naamini haziishi, aje mtu mzima mwingine akae nje. Wote mna kazi? Basi watoto waingie. Hakuna njia ya tatu.

Dada yao ana miaka 9 na ana akili kupita umri wake. Hatoshi?

Hatoshi. Akili anayo, ila kazi uliyompa ni yako. Yeye naye anataka kucheza, na akizidiwa na mchezo dakika mbili mdogo wake akaumia, atalibeba hilo hadi uzeeni, huku wewe ukisema "si nilimwambia amwangalie!"

Mtaa wetu ni mtulivu, gari hupita moja moja tu. Bado kuna hatari?

Hiyo moja moja ndiyo mbaya. Mtaa wenye magari mengi watoto wanauogopa. Wenye gari moja kwa saa wanaufanya uwanja.

Piga hesabu. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao dereva anauita wa pole, linakula mita 11 kila sekunde. Dereva akiona kitu, ubongo uelewe, mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki, imepita kama sekunde moja na nusu. Mita 17 zimekwisha na breki bado haijaanza kushika. Mtoto naye hajui kupima kasi. Anaona taa mbili, anadhani ziko mbali, anaufuata mpira. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Sio majambazi, ni magari.

Niwaambie langu, ingawa silipendi. Jioni moja, giza la kwanza kwanza, nilikuwa napiga rivasi kutoka langoni. Nimetazama vioo vyote vitatu, safi. Nikasikia mlio chini ya tairi, pwa! Nikashuka miguu ikitetemeka. Ulikuwa mpira. Hatua moja nyuma ya gari alikuwa amesimama mtoto mwenye sweta jeusi, kichwa chake hakijafika usawa wa kioo cha nyuma, anautazama mpira wake ulivyokuwa bapa. Hakulia hata. Aliniuliza kama nitamnunulia mwingine. Nilimnunulia, na tangu siku hiyo nashuka na kuzunguka gari kabla ya kulirudisha nyuma. Nanyi wenye magari fanyeni hivyo, hata kama hamkuulizwa. Wazazi, nguo nyeupe au zenye vibandiko vinavyoakisi mwanga, hata kwa kuvuka njia tu.

Nimefunga taa kubwa uani. Si inatosha?

Taa inamsaidia anayetazama. Kama hakuna anayetazama, unamulika ajali.

Na saa ya mkononi inayoonyesha mtoto alipo?

Itakuonyesha alipo. Haitakuonyesha anafanyiwa nini.

Naogopa watekaji. Nimfundishe vipi mtoto asizungumze na watu asiowajua?

Mfundishe, haidhuru. Lakini unalinda mlango wa mbele huku wa nyuma uko wazi. Wengi wanaowadhulumu watoto kingono ni watu ambao mtoto anawajua: ndugu, jirani, rafiki wa familia, mtu anayeitwa "anko" na kupokewa kwa tabasamu. Huyo hahitaji kuteka. Anahitaji dakika chache, kona isiyo na mwanga, na mzazi anayesema "wako hapo hapo nje tu."

Kwa hiyo mfundishe kwamba mtu yeyote, hata anayempenda, akimwambia "hii ni siri yetu, usimwambie mama," siri hiyo ndiyo ya kusema kwanza. Na akikwambia, usimkaripie kwa kuwa gizani. Uliyemwacha gizani ni wewe.

Mume wangu anasema sisi tulicheza nje hadi usiku na tukakua salama. Nimjibu nini?

Mjibu kwamba aliyekua ndiye anayesimulia. Ambaye hakukua hana wa kumsemea.

Nampa haki yake kidogo, hata hivyo. Anachokikumbuka hakikuwa upweke. Kulikuwa na watu wazima wamekaa nje, wasio wazazi wake, wanaomjua kwa jina na wasioona haya kumrudisha nyumbani kwa sikio. Alikuwa anaangaliwa bila kujua. Akitaka watoto wake wapate utoto huo, abebe kiti atoke nje awe mmoja wa watu wale. Mimi si adui wa mchezo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unautaja mchezo kuwa haki. Ila umeutaja pamoja na mapumziko, na hilo nusu la pili wengi hamlisomi.

Huwa namwambia kuna zimwi gizani ili aingie ndani. Inafanya kazi. Kuna ubaya?

Inafanya kazi hadi usiku anapotakiwa kwenda chooni, ndipo utakapoliamkia zimwi lako mwenyewe. Halafu siku atakapojua hakuna zimwi, ataamini hakuna hatari nyingine yoyote uliyomtajia. Mwambie ukweli: usiku gari halikuoni.

Kila jioni ni vita, wa miaka 4 hataki kuingia. Nifanyeje?

Unamwitia mlangoni, sivyo? Acha. Toka nje, mfikie, iname, mwambie bado michezo miwili. Ikiisha, mshike mkono mwingie wote. Fanya hivyo kabla giza halijakamilika, saa ile ile kila siku, hata siku unayoona uvivu. Siku ukilegeza, umeanza upya. Umri huo anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, na anayekimbia hadi saa 3 usiku hazipati. Kama mnaishi penye malaria, mbu wake huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, kwa hiyo chandarua hakimsaidii mtoto ambaye bado yuko uani.

Mtoto wa jirani hubaki nje peke yake wetu wakishaingia. Ana kama miaka 5. Niingilie?

Unauliza? Ingilia. Lakini usimwingize kwako kimyakimya. Mama yake akitoka asipomkuta, mtaamsha mtaa mzima bure. Kaa naye hapo hapo nje, wapigie wazazi, subiri mpaka mmoja atoke. Wakinuna, wanune. Kesho yake rudi ukae tena.